Sauti za mapenzi za Kiassam kwenye kadi ya memori: ni nini, zihifadhiwe vipi, na zipi zisitoke nje

Swali: Msomaji kutoka Mombasa, anayesoma chuo Guwahati katika jimbo la Assam, kaskazini mashariki mwa India, anakaa chumba kimoja na kijana Mwassam. Mwenzake amepewa na kaka yake mkubwa kadi ya memori ya GB 2 iliyokuwa kwenye simu ya vitufe. Ndani mna mamia ya vipande vya sauti, vingi havifiki dakika moja: nyimbo zilizokatwa, maneno ya mapenzi yanayosomwa juu ya filimbi, watu wawili wanaobembelezana kwa simu. Baadhi vinafunguka, vingine vinakataa, na majina ya mafaili hayaeleweki. Wanauliza vitu hivi ni nini hasa, wavihifadhi vipi, na kama wanaweza kuviweka mtandaoni.

Jibu:

Itoeni kadi kwenye simu kwanza, mengine yatasubiri. Ukiichomeka kwenye simu ya Android, simu huandika juu yake bila kukuuliza: inaunda folda zake, inaweka vijipicha, inapanga orodha ya muziki. Kila inachoandika kinaweza kuangukia mahali palipo na faili lililofutwa. Na kwenye kadi ya namna hii yaliyofutwa huwa mengi, maana GB 2 hujaa upesi na mwenye simu hufuta ya jana apate nafasi ya yale anayorushiwa leo. Faili likifutwa, kinachoondoka ni jina lake kwenye orodha. Sauti yenyewe hubaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Tumieni adapta, ile ganda ya plastiki inayoifanya kadi ndogo iingie kwenye tundu la kadi kubwa. Ubavuni ina kitufe kidogo cha kufunga, kisukumeni. Kitufe hicho hakiifungi kadi yenyewe. Kinaomba tu kisomea kadi kisiandike, na visomea vya bei rahisi vingine havijali ombi hilo, kwa hiyo hata kikiwa kimefungwa msifungue wala kuhamisha faili moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Assam ina mvua nyingi na unyevu. Meno ya kadi yakiwa yameingia weusi, yasugueni taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, mpanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye matone machache ya spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, mkaache dakika 10 pakauke.

Kisha tengenezeni nakala pacha ya kadi nzima, baiti kwa baiti, pamoja na zile sehemu zinazoonekana tupu. Kwenye Linux amri ni hii, ila herufi X muibadilishe kwa herufi ya kadi yenu baada ya kuhakikisha kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski zilizochomekwa, kwamba si diski ya kompyuta:

ddrescue -d -r3 /dev/sdX kadi.img kadi.map

Kisomea kinachosoma MB 10 kwa sekunde humaliza GB 2 kwa dakika 3 au 4. Ikichukua nusu saa, kadi ina sehemu zilizochoka. Iacheni iendelee, msiichomoe, kwa sababu lile faili la pili, kadi.map, linakumbuka ilipofika na linaweza kuendeleza kazi kesho. Wenye Windows wanaweza kutumia Win32 Disk Imager, lakini humo kitufe cha kusoma na kitufe cha kuandika vimekaa jirani, na kubonyeza kisicho chake kumewapotezea watu kadi nzima. Kompyuta ikidai kwamba kadi inahitaji kufomatiwa, kataeni kila mara.

Pacha likishapatikana, kadi yenyewe irudi kwenye bahasha kavu. Kuanzia hapo mnafanya kazi na nakala.

Mnaweza kukuta folda zote zimegeuka njia za mkato ambazo hazifungui kitu. Hicho ni kirusi cha kawaida cha kadi zilizopita kwenye vibanda vya kuweka nyimbo. Hufanya folda halisi zifichike na kuweka njia za mkato mahali pake, na sauti zenu ziko salama chini yake. Fungueni pacha kwa hali ya kusoma tu, muamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, mtaziona. Jambo jingine lisilotibika ni kadi bandia: inajitangaza GB 2 kumbe ndani haina nafasi hiyo. Faili huonekana na jina na ukubwa sahihi, lakini ukilitazama kwa programu ya kusoma baiti limejaa sifuri tupu. Hilo halikuwahi kuandikwa. Msipoteze usiku kwa ajili yake.

Kwa yaliyofutwa tumieni PhotoRec juu ya lile pacha. Inatambua mafaili kwa alama za mwanzo wake, AMR (muundo wa rekodi za sauti za simu), MP3 na 3GP (video na sauti za simu) zikiwemo, ila majina na tarehe haiwezi kuyarudisha. Matokeo yake yawekeni folda ya peke yake, yasichanganyike na yale yenye majina, la sivyo baada ya wiki hamtajua lipi lilitoka wapi.

Sasa kuhusu yanayokataa kufunguka. Msiamini herufi za mwisho wa jina, kwa sababu watu walikuwa wakizibadilisha ili simu ikubali kulipokea faili. Tazameni baiti za mwanzo. Faili la AMR huanza na #!AMR. La MP3 mara nyingi huanza na ID3 au baiti FF FB. La 3GP lina neno ftyp kuanzia baiti ya 5. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa kawaida huanza na OggS. Faili lenye mwisho wa .dm au .dcf kwa kawaida ni wimbo au mwito wa simu ulionunuliwa na kufungwa kwa kufuli usirushwe kwa mwingine. Hilo liandikeni kwenye orodha mliache.

AMR ndiyo itakayowafurahisha, kwa kuwa ni ngumu kufa. Imegawanywa vipande vya milisekunde 20, kila kimoja kinasimama chenyewe. Ikiwa Bluetooth ilikatika katikati ya kurushwa, mtasikia mpaka pale ilipokatikia. Faili la 3GP halina ustahimilivu huo. Jedwali lake la yaliyomo, linaloitwa moov, mara nyingi huandikwa mwishoni, kwa hiyo likikatika hata sehemu ndogo ya mkia halifunguki kabisa. Tiba yake ni programu iitwayo untrunc, na inataka mfano: faili zima lililorekodiwa na simu ile ile. Mwombeni kaka awatajie simu ilikuwa ipi, kisha mtafute kwenye kadi rekodi nyingine iliyo nzima.

Hesabu moja itawasaidia kufahamu kwa nini vipande ni vifupi hivyo. AMR kwa ubora wake wa juu hutumia baiti 1,600 kwa sekunde, yaani KB 96 kwa dakika. MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 hula baiti 16,000 kwa sekunde, mara 10 zaidi. Ujumbe wa MMS mara nyingi uliwekewa kikomo cha KB 300. Ndani ya kikomo hicho mtu angeweza kuongea dakika 3, lakini wimbo ungepata sekunde 19 tu. Ndiyo maana nyimbo zimekatwa mpaka kwenye kiitikio na maneno yameachwa yatiririke. Bluetooth haikuwa na kikomo hicho, ila mlipaswa kukaa karibu dakika kadhaa.

Kugeuza AMR kwenda muundo wa kudumu ni amri moja:

ffmpeg -i sauti.amr -c:a pcm_s16le sauti.wav

Dakika moja ya WAV hiyo itakuwa KB 960. Msiongeze masafa, msisafishe kelele, msipandishe sauti kwenye nakala ya hifadhi. Na faili la asili la AMR libaki daima. WAV ni ya kusikiliza miaka ijayo, la asili ndilo ushahidi. Pigeni hesabu ya sha256 ya kila faili, namba ndefu inayobadilika hata baiti moja ikibadilika, mwiandike, ili siku nakala mbili zikitofautiana mjue ipi imeharibika.

Muziki ndani ya AMR utasikika kama unabubujika majini, na hapo kadi haina kosa. Muundo huu ulibuniwa kwa ajili ya kinywa cha binadamu akiongea. Unahesabu koo na midomo, haujui la kufanya na ngoma ya dhol wala pepa, ile tarumbeta ya pembe ya nyati. Pia unakata kila kilicho juu ya herzi 3,400, na hapo Kiassam kinapata hasara ya pekee. Lugha hiyo ina sauti inayoandikwa x kwa herufi za Kirumi, iliyo karibu sana na kh ya wazee wa pwani wanaposema kheri. Ina pia s ya kawaida, na s makali yake yako juu ya mpaka ule. Ikinyolewa makali, sikio la mgeni huichanganya na x. Uandishi wa maneno afanye mwenzako, wewe ukae na orodha.

Suala hilo la x linaeleza pia fujo ya majina ya mafaili. Simu za zamani nyingi hazikuandika hati ya Kiassam, kwa hiyo kila mtu alitumia herufi za Kirumi alivyosikia mwenyewe. Neno la ndoto mtalikuta xopun, sopon na hopun. Jina la jimbo lao litakuwa Axom, Asom, Assam. Mkitafuta kwa tahajia moja mtakosa theluthi mbili. Kwenye orodha yenu andikeni jina kama lilivyo, kisha safu ya pili tahajia moja mliyoichagua, na safu ya tatu hati yenyewe kwa Yunikodi, mkiangalia kwamba ra ni ৰ ya Kiassam wala si ile ya Kibengali.

Tuje kwenye swali lenyewe la vitu hivi ni nini. Msivipange kwa urefu wala kwa muundo. Vipangeni kwa kuuliza kila kimoja: kilitengenezwa ili kisafiri, au kilinaswa? Mengine yote, hata lile la kuviweka mtandaoni, yanategemea jibu hilo.

Vilivyotengenezwa ili visafiri ni jamaa ya mbali ya nyimbo za Bihu, sikukuu ya Waassam. Rongali Bihu huja katikati ya Aprili, mwezi wa Bohag, mwaka mpya wa Kiassam unapoanza, na nyimbo zake ni beti fupi za mapenzi. Sana sana ni mistari miwili: wa kwanza unataja mto, ndege au ua, wa pili unamfikia mlengwa. Msikilizaji wa taarabu hahitaji kufundishwa jambo hili, anajua kwamba ua si ua. Mtasikia kuli, ndege anayelia msimu huo, na kopou, okidi ya waridi ambayo wasichana hutia kwenye nywele wakicheza. Mtasikia mpendwa akiitwa senai, au lahori, au maina, ambaye kwa asili ni ndege. Maneno haya yakitokea kwenye kipande cha mwaka wowote, hata chenye kinanda cha kompyuta nyuma, mwandishi wake anachota kisima cha Bihu. Kuna pia bihuwan, kitambaa cha gamosa kilichofumwa kwa mkono ambacho msichana humpa ampendaye wakati wa sikukuu. Mswahili atafikiria kanga hapo hapo, ingawa gamosa haiandikwi jina: maua yake mekundu kwenye kitambaa cheupe ndiyo yanayosema. Kipande cha sauti kinachorushwa Aprili kinafanya kazi ile ile ya zawadi ndogo inayobebeka, nacho kisikilizwe hivyo.

Ndani ya kundi hili mna nyimbo zilizokatwa, ambazo si kazi ya mrushaji ila uchaguzi wa mstari ni wake. Andikeni ulianzia sekunde ya ngapi ya wimbo mzima na kuishia wapi, kwa kuwa ule mkato ndio ujumbe. Msishangae sauti ya Zubeen Garg, mwimbaji mashuhuri wa Assam aliyefariki Singapore tarehe 19 Septemba 2025, ikijirudia: kwa kizazi cha kaka yule, kumrushia mtu kiitikio chake ilikuwa njia ya kusema bila kusema. Mna pia maneno yanayosomwa juu ya filimbi au mvua, kwa sauti ya chini, taratibu, kama mchezo wa redio. Hivi ndivyo vyenye thamani kubwa zaidi kwenye kadi yenu. Wimbo mtaupata kwingine, lakini msomaji asiye na jina aliyejirekodi chumbani huenda hana nakala nyingine duniani. Kuna kitu kimoja ambacho hamtakikuta, wimbo anaousikia mpigaji akisubiri kupokelewa, mfano wa Skiza ya Kenya. Huo ulikaa kwenye mitambo ya kampuni ya simu, haukuwahi kuingia kwenye kadi.

Mkitafsiri, chungeni mambo mawili. La kwanza ni moi tomak bhal pau, tunayoitafsiri nakupenda. Bhal ni vizuri, na fungu hilo hilo hutumika kwa mtu anayependa wimbo au chakula. Kiswahili nacho kiko hivyo, kupenda ni kwa wali na kwa mtu, kwa hiyo tafsiri yetu inakaa vizuri kuliko ya lugha nyingi. Morom ni pendo pia, ila ni hata lile la mama kwa mwana, kwa hiyo kipande chenye morom peke yake msikiweke upesi kwenye folda ya wapenzi. La pili ni gumu zaidi. Kiassam kina wewe tatu: apuni ya heshima, tumi ya waliozoeana, toi ya karibu mno au ya kumshusha mtu. Sisi heshima tunaipitisha kwenye shikamoo, kaka, dada, bibi, na kitenzi chetu hakibadiliki. Kwao kitenzi hubadilika: ki korisa ni unafanya nini ya tumi, ki korise ni ya apuni. Kipande kizima cha mapenzi kinaweza kuwa juu ya irabu hiyo moja, pale e inapogeuka a. Kwa Kiswahili haionekani kabisa. Wekeni maelezo kando ya mstari kila inapotokea, msijaribu kuilazimisha ndani ya tafsiri.

Sasa vilivyonaswa. Hizi ni simu za watu wawili zilizorekodiwa, pengine na mmoja wao bila mwenzake kujua, zikarushwa kwa rafiki, rafiki akarusha kwa kijiji. Mkanganyiko unaletwa na ukweli kwamba mazungumzo mengi ya simu yaliyosambaa ni maigizo, yaliyotungwa ili yachekeshe au yalize, na kwa sikio la kwanza yanafanana na ya kweli. Yapimeni hivi. Katika maigizo sauti mbili zina ukubwa sawa na upana sawa wa masafa, kwani wote walikaa mbele ya kipaza sauti kimoja. Wanapokezana vizuri, hakuna anayemkata mwenzake, kuna mwanzo na mwisho, mara nyingi kuna muziki. Usemaji huwa wa jukwaani, ule unaofahamika Assam kupitia maigizo ya kuhamahama yaliyoanzia Pathsala mwaka 1963. Katika simu ya kweli mwenye kurekodi husikika karibu na kwa nguvu, wa upande wa pili husikika mbali na mwembamba. Wanasemezana kwa pamoja, wanarudia alo alo, kuna kimya kirefu, kuku analia, mtu anaitwa chakula. Rekodi huanza neno likiwa katikati na kuisha ghafla. Fungueni picha ya masafa kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti: sauti moja ikikatika kwenye herzi 3,400 na nyingine ikipanda juu zaidi, basi moja ilipita kwenye mtandao wa simu na nyingine ilikuwa chumbani.

Vipimo hivi hukosea. Waigizaji wazuri wanajua kukatana maneno, na igizo lililohifadhiwa kwa AMR hata mara moja linakuwa limenyolewa lote. Mkibaki na shaka, lihesabuni ni la kweli.

Na la kweli halipandi mtandaoni. Hapa siwapi njia ya katikati, kwa sababu njia zote za katikati zinazopendekezwa hazifanyi kazi. Kubadilisha sauti iwe nene au nyembamba hurudishwa na mtu yeyote mwenye programu ya bure. Kufuta majina hakutoshi, maana namna ya kusema inataja kwao: msikilizaji Mwassam husikia mara moja kama mtu ni wa upande wa Sivasagar, wa Kamrup au wa Goalpara, na kijijini mtu hutambulika kwa kicheko tu. Msichana aliyekuwa na miaka 19 wakati ule leo anaweza kuwa mke wa mtu na mama. Alizungumza na mtu mmoja. Mahakama ya Juu ya India iliamua tarehe 24 Agosti 2017 kwamba faragha ni haki ya msingi. Na mkikuta maongezi ya ngono ambayo mmoja wa wasemaji anaonekana ni wa chini ya miaka 18, msilinakili wala kumwonyesha mtu. Sheria ya teknolojia ya habari ya mwaka 2000, kifungu cha 67B, inaadhibu vitu vya namna hiyo kwa ukali.

Jihadharini pia na majina ya mafaili yenyewe. Programu nyingi za kurekodi simu huliita faili kwa namba au jina la aliyepigwa pamoja na tarehe na saa. Mkimwonyesha mhadhiri orodha tu, bila sauti hata moja, mtakuwa mmempa namba za simu za watu. Tengenezeni orodha mbili: ya ndani yenye majina ya asili, iliyofungwa kwa nywila, na ya nje ambamo kila faili ni namba ya mfululizo.

Kuhusu miaka, msitegemee tarehe ya faili. Simu ya vitufe ikitolewa betri hurudisha saa mwanzo, na faili lililorushwa kwa Bluetooth mara nyingi hubeba tarehe ya kupokelewa. Tumieni viashiria vya nje. Faili linaloitwa PTT likifuatiwa na tarakimu 8 na herufi WA ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na tarakimu hizo ni siku ulipofika. Video za sekunde 30 kamili zinaelekea kuwa za baada ya Februari 2017, WhatsApp ilipoleta stetasi ya picha na video. Kabla ya hapo, Septemba 2016, kampuni ya simu ya Jio ilianza huduma zake, bei ya data ikashuka sana, na urushaji wa ana kwa ana ukaanza kupungua. TikTok na SHAREit, programu ya kurushiana mafaili, zilipigwa marufuku India siku moja, tarehe 29 Juni 2020. Kadi iliyojaa AMR na 3GP bila hata faili moja la WhatsApp ni ya enzi za kurushiana kwa mkono, na hizo ndizo sauti ambazo mtandao haukuzihifadhi.

Mnachoweza kuweka hadharani ni kidogo, na kina thamani. Orodha ya nje, yenye urefu, muundo, aina, maneno ya kwanza na alama za Bihu zilizomo, inaweza kutoka yote isipokuwa mstari wa vilivyonaswa, ambao ubaki na idadi tu. Maneno yaliyosomwa yanaweza kutoka kama msomaji wake amepatikana na amekubali, au kama ni kaka mwenyewe. Nyimbo haziwezi: kwa sheria ya hakimiliki ya India ya mwaka 1957, rekodi ya sauti inalindwa miaka 60 tangu mwaka unaofuata kuchapishwa kwake. Tajeni jina la wimbo na sekunde zilizokatwa, inatosha kwa mtafiti.

Kabla ya yote hayo, kaeni na kaka. Alitoa kadi, huenda hakumbuki kilichomo. Msimsikilizishe mbele ya familia. Mpeni vipokea sauti vya masikioni, mwacheni apite peke yake na orodha mkononi, aweke alama ya ndiyo, hapana, au muulize fulani. Pale penye fulani, afikishe habari yeye, si nyinyi, na asiyejibu ahesabiwe amekataa. Mtu akitaka sauti yake irudi kwake, mtumieni faili la asili kama dokumenti, lifike baiti zake zote zikiwa kamili. Msilicheze kwenye spika na kulirekodi upya. Baada ya hapo, akiomba nakala zenu zifutwe, zifuteni kwenye folda, kwenye WAV, na ndani ya lile pacha la kadi pia, ambalo watu hulisahau: tengenezeni pacha jipya lisilo na faili lile, kisha la zamani liondoke kabisa.